Mwaka wa Pembetatu Zisizotimia

Sakina alizikwa Alhamisi, na kesho yake nilikwenda kukaa na wafiwa katika fleti yao ya Upanga. Wanawake walikuwa wameketi chini juu ya mashuka meupe, migongo ukutani, kila mmoja na juzuu yake mkononi. Magoti yangu hayakunjiki tena, kwa hiyo nilipewa kiti karibu na mlango wa jikoni, mahali pazuri kwa mtu anayependa kusikia mazungumzo ya pande zote mbili. Jikoni walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kama chai itiwe tangawizi au la. Mjukuu wake, Zahra, akaniletea kikombe, akawageukia wageni. "Huyu ndiye Bi Zena," alisema. "Yule ambaye bibi alimfundisha jometri kwenye baraza la duka kule Temeke, mpaka akawa mwalimu wa hesabu." Wageni wakanitazama kwa heshima iliyochanganyika na huruma, nami nikatabasamu, maana msibani hapabishaniwi. Lakini si kweli. Sakina aliisimulia habari ile maisha yake yote, na kila aliposimulia yeye alizidi kuwa mwerevu na mie nilizidi kuwa mjinga. Kila Idi tuligombana juu yake, ananimiminia chai huku ananikatiza. Sasa hayupo wa kunikatiza, na hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimekaa kuandika jinsi ilivyokuwa.

Habari za wazazi wangu na tulikotoka nitaziacha, haziongezi kitu hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala, nilikuwa nakaa Temeke kwa Mjomba Hamisi, fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka la vitambaa la baba yake Sakina, kama ilivyokuwa desturi: mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho mlangoni, fundi anampima hapo hapo. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja barazani kushona vifungo na kupinda nguo kwa mkono. Chumba chetu kilikuwa mtaa wa nyuma, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la kanga mbili zilizounganishwa. Upande mmoja walilala Mjomba na mkewe, Bi Mwajuma, na upande wa pili mie na mafurushi ya nguo za wateja. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, ya mafuta ya cherehani na ya samaki wa kukaanga, na mpaka leo harufu hizo tatu zikikutana mahali pamoja mimi hutulia. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, darasa la nane, katika shule ya wasichana iliyokuwa mjini. Nilikwenda kwa miguu asubuhi, nikarudi kwa miguu jua likiwa utosini, na njia nzima nilikuwa nikihesabu kitu fulani, nguzo, minazi, baiskeli zilizonipita, kwa sababu tu kichwa changu hakikujua kukaa bure.

Shuleni tulifundishwa kujumlisha na kugawanya, usafi, mapishi, na zaidi ya yote ushonaji. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa Kiingereza tuliyemwita Misi Mkubwa, mrefu, mkavu, aliyesema Kiswahili cha kitabuni kisicho na kosa hata moja wala utani hata kidogo. Kulikuwa na shule moja ya bweni, mbali, bara huko, ambayo msichana angeweza kuingia darasa la tisa na baadaye kusomea ualimu wa hesabu. Ili uingie ilibidi ufanye karatasi ya hesabu yenye jometri, na wasichana wa shule yetu hawakuwa wakiandikishwa kwa karatasi hiyo. Hakuna aliyekataza. Haikufundishwa, kwa hiyo hakuna aliyeifanya, na kwa kuwa hakuna aliyeifanya, haikuonekana sababu ya kuifundisha. Mie nisingeliona hilo kama si siku niliyotumwa chaki, nikapita chini ya dirisha la chumba cha walimu nikasikia ninatajwa. "Yule Zena ana mikono mizuri," alisema mwalimu wetu wa ushonaji, mwanamke mwema ambaye sikuwa na ugomvi naye. "Atapata kazi ya kushona mashuka ya hospitali." Mwenzake akajibu, "Mikono, ndiyo. Kichwa hatujui." Kisha wakaendelea na habari za bei ya mchele. Masikio yaliniwaka moto. Sikuchukia mashuka ya hospitali, watu lazima walalie kitu. Nilichukia ile "hatujui", iliyosemwa na watu ambao hawakuwa wamejaribu kujua.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kugonga mlango wa ofisi ya Misi Mkubwa, kabla hasira haijapoa nikaogopa.

"Jometri haifundishwi hapa," aliniambia.

"Nitajifunza mwenyewe, Misi."

"Kwa njia gani?"

"Kwa kitabu."

Aliweka kalamu yake chini. "Vema. Kabla sijapeleka majina ya watahiniwa, utakuja hapa. Nitakupa pembetatu. Utapima pembe zake na kunieleza habari zake. Ukiweza, nitakuandikisha kwa karatasi hiyo. Usipoweza, utarudi kwenye ushonaji, na sitaki kusikia manung'uniko."

Nikasema ndiyo Misi, nikatoka. Kitabu chenyewe sikuwa nacho, na sikujua hata kinafananaje.

Hapo ndipo Sakina anapoingia. Alikuwa rika langu, na alisoma shule ya wasichana wa Kihindi, maana wakati ule shule ziligawanywa kwa rangi za watu: Wazungu kwao, Wahindi kwao, sie kwetu. Kwao jometri ilikuwa kitu cha kawaida tu kama wali. Jumamosi mchana, baba yake akienda kula, Sakina alikaa nyuma ya kaunta akilinda majora ya vitambaa na kula bajia, na kazi zote mbili alizifanya kwa bidii. Nilipomweleza shida yangu aliingia ndani, akarudi na kitabu kisicho na jalada.

"Chukua. Kurasa za mwanzo mdogo wangu kazichana, lakini si kitu, zilikuwa za kueleza kipimio tu."

"Kipimio gani?"

"Cha pembe. Cha shuleni kwetu hakitoki darasani, mwalimu anakifungia kabatini."

"Kikoje?"

"Wewe nawe, Zena. Ni nusu duara, basi. Imegawanywa sawasawa mia na themanini. Huku sifuri, kule mia na themanini, katikati tisini. Unaweka kwenye kona, unasoma." Akameza bajia. "Na pembetatu yoyote, uichore unavyotaka, pembe zake tatu ukizijumlisha zinatimia mia na themanini."

"Yoyote?"

"Yoyote. Mwalimu wetu kasema."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata kwa marehemu rafiki yangu, pamoja na bajia mbili. Mengine yote ni chumvi yake.

Jumapili iliyofuata nilikaa upande wangu wa pazia nikatengeneza kipimio. Nilichukua kadibodi ya boksi la mashati, nikafunika sahani ya bati juu yake, nikachora duara kwa penseli, nikalikunja katikati, nikakata. Nusu duara likatoka safi. Kilichobaki ni kuligawanya sawasawa, na kugawanya sawasawa ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya kila siku ya Mungu. Ukitaka kupanga matundu ya vifungo au marinda ya sketi, unalaza tepu kwenye ukingo ulionyooka, unagawanya, unatia alama za chaki. Kwenye ukingo uliopinda hupimi kamwe, maana kitambaa kilichopinda kinavutika na kinakudanganya. Mjomba aliwahi kunigonga vidole kwa rula kwa kupima kwenye mkato wa kwapa. Basi nililaza tepu kwenye ukingo ulionyooka wa nusu duara langu, ule wa chini, nikaugawanya sehemu kumi na nane zilizolingana kabisa. Kutoka kila alama nikapandisha mstari wima kwa skwea ya Mjomba, ile rula yenye kona ya mraba, mpaka ukafika kwenye tao la juu, na pale juu nikaandika kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia na themanini. Niliona kwamba kule juu alama zimekaa mbali mbali pembeni na zimebanana katikati, lakini chini palikuwa sawasawa bila unywele wa tofauti, na mie chini ndipo nilipopaamini. Nikajaribu kipimio changu kwenye kona ya meza: tisini. Kona ya boksi: tisini. Kona ya fremu ya dirisha: tisini. Mjomba alikichukua akakigeuza geuza. "Kazi safi," alisema, na yeye hakuwa mtu wa kumwaga sifa.

Kuanzia hapo nilipima kila kitu chenye kona tatu. Nilichora pembetatu ya pande sawa kwa uzi na penseli, nikapima, nikajumlisha: mia na thelathini na tano. Nikafikiri nimekosea kujumlisha. Nikachora nyingine, yenye kona moja ya mraba: mia na arobaini na tatu. Nyingine iliyolala, bapa: karibu mia na sitini. Kila pembetatu ilikuwa na jumla yake, na hakuna hata moja iliyotimia. Kitabu cha Sakina kilikuwa na mchoro ulioandikwa sitini kwenye kila kona, nami nilipoupima nikapata arobaini na tano, nikahukumu kwamba aliyechora alikuwa mvivu. Nilimshuku mchoraji, nikamshuku mpiga chapa, nikamshuku mwalimu wa Sakina, na jioni moja nilimshuku hata Mzungu wa kwanza aliyeitunga sheria yenyewe. Kitu pekee ambacho sikukishuku kilikuwa mkononi mwangu, kwa sababu nilikitengeneza kwa uangalifu. Leo ninapokumbuka nashangaa ni mara ngapi maishani nimewaona watu wazima, wenye madaraka, wakifanya vile vile.

Wala sikumwonyesha Sakina. Nilijua atacheka, na kicheko chake kilisikika mpaka mtaa wa pili. Nilikificha kipimio ndani ya mto wa kulalia, nikakitoa baada ya kula, sahani zikishaoshwa. Bi Mwajuma alikuwa akipika wali na mchuzi wa papa siku ambazo kazi imekwenda vizuri, na dagaa siku nyingine, na baada ya chakula aliniachia taa kwa muda. Jioni moja nilisikia wakizungumza upande wao wa pazia, kwa ile sauti ambayo watu huamini kwamba kanga mbili zinaizuia. "Mtoto anakonda," alisema Bi Mwajuma. "Anachora, anafuta. Anachora, anafuta. Juzi kapima sambusa kabla hajaila." Mjomba akacheka. "Mwache." "Nimwache mpaka lini? Wenzake wanajifunza kazi za maana." Nikasikia Mjomba akijigeuza kitandani. "Mwanamke," alisema, "mie nimeona watu wengi wakikata tamaa, wala halinishangazi jambo hilo. Hili la huyu sijaliona. Nataka nione linaishia wapi." Nilizima taa nikalala na kipimio kifuani. Nilijisikia mwenye nguvu za kupima Temeke nzima.

Siku ya kuitwa ofisini ilikuwa Alhamisi. Misi Mkubwa alichora pembetatu ya pande sawa, kwa bikari na wino, mistari myembamba iliyonyooka kiasi cha kunitia woga. Akaisukuma mbele yangu. Nikatoa nusu duara langu, nikaliweka kwenye kona ya kwanza, nikasoma arobaini na tano. Ya pili, arobaini na tano. Ya tatu hivyo hivyo. Nikaandika, nikajumlisha, nikampa karatasi.

"Mia na thelathini na tano," alisoma. "Na kitabu chako kinasemaje kuhusu jumla ya pembe za pembetatu?"

"Kinasema mia na themanini, Misi."

"Kwa hiyo?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuomba msamaha, watu wazima hupenda hilo. Lakini nilikuwa nimepima kwa wiki nyingi na nilikuwa na uhakika wangu. "Kwa hiyo sheria si kweli, Misi. Nimepima nyingi. Hakuna iliyotimia."

Hakucheka, na hilo nampa haki yake. Lakini pia hakuuliza. Kipimio changu kilikuwa pale mezani kati yetu, maandishi yake yakionekana waziwazi, alama zimebanana katikati na kuachana pembeni, na mtu yeyote aliyesoma jometri angekitupia jicho moja tu akaelewa kila kitu. Misi Mkubwa hakukitazama. Alinitazama mie, akaona alichotarajia kuona. "Ulipewa nafasi," alisema. "Majina yanaondoka Jumatatu. Unaweza kwenda." Nilitoka nikatembea mpaka Temeke bila kuhesabu kitu.

Mfungo Nne, yaani Muharamu, ulikuwa unakaribia, mwezi ambao kina Sakina, kwa kuwa ni Mashia, huomboleza na kuvaa nguo nyeusi, na baraza la Mjomba lilikuwa limejaa kitambaa cheusi. Ijumaa alasiri nilimkuta ametandaza jora kwenye meza ya kukatia. Gauni la mama yake Sakina lilikuwa linabana, likataka kupanuliwa chini, kwa hiyo Mjomba alikuwa akikata vipande vya pembetatu vya kuingiza kwenye upindo. Aliniona uso, akaelewa. "Nishikie kitambaa," alisema. "Na usinililie juu yake, maji yanaacha alama." Sikuwa nalia. Nilikuwa nimekaza meno mpaka taya zinauma. Nikashika ukingo, naye akaanza kuchora kwa chaki nyeupe akifuata kiolezo kimoja cha karatasi. Kipande cha kwanza alikichora miguu chini, ncha juu. Cha pili akakigeuza, ncha chini, ubavu kwa ubavu na cha kwanza. Cha tatu miguu chini tena. Mafundi wote hukata hivyo ili kitambaa kisipotee, wanakiita kulaza mzungu wa nne, kama watoto wanavyolazwa kitanda kimoja kichwa huku miguu kule. Nilikuwa nimeona jambo hilo tangu siku ya kwanza niliyokanyaga baraza lile. Siku hiyo nilitazama kwa sababu sikutaka kutazama watu.

Nikaona kwamba kila ncha ya kipande inapogusa ukingo wa kitambaa, haikai peke yake. Kushoto kwake kuna kona ya jirani, kulia kwake kuna kona ya jirani mwingine. Kona tatu zinakutana mahali pamoja, hazibanani wala haziachi nafasi, na juu yake ukingo wa kitambaa umenyooka. Na vipande vyote vimetoka kwenye kiolezo kimoja. Nikavifuata kwa kidole: hii ni ncha, hii ni kona ya mguu wa kushoto, hii ni kona ya mguu wa kulia. Ni kona tatu za kipande kile kile. Zikiwekwa pamoja zinajaza mstari ulionyooka, yaani nusu duara zima, yaani mia na themanini. Mjomba akasema, "Zena, unavuta." Nikaachia. Sheria ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli mbele ya macho yangu kila Mfungo Nne ukikaribia na kila msimu wa sare.

Nilitoa kipimio kwenye mfuko wa shule. Nikapima ncha ya kipande kimoja peke yake, nikiianzia kwenye sifuri: ishirini na moja. Kisha nikaweka kipimio pale kwenye ukingo ambapo kona tatu zinakutana, na nikasoma ncha ile ile ikiwa imesimama katikati ya majirani zake. Ilianzia karibu na sitini ikaishia karibu na mia na ishirini. Sitini na kitu, sasa. Kitambaa hakikuguswa, chaki haikuguswa, kona ni moja, na kipimio changu kinasema maneno mawili. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza. Kisha nikachukua tepu, na kwa mara ya kwanza nikailaza kwenye tao, pale palipopinda, mahali nilipokatazwa kupima. Alama za pembeni zilikuwa zimeachana zaidi ya mara nne ya zile za katikati. Nilikuwa nimegawanya sawasawa kweli, lakini niligawanya mstari wa chini, na pembe haifungukii chini. Inafungukia kwenye tao. Nilijionea haya, lakini zaidi nilifurahi, furaha kali iliyonifanya nisimame na kukaa tena kama mtu aliyekalia sindano.

Nilikuwa nimeshakata kadibodi nyingine na nimeanza kuzungusha tepu kwenye tao lake, pale Sakina alipotoka ndani kuja kuulizia gauni la mama yake. Aliinama, akaona kile cha zamani.

"Mungu wangu," alisema. "Zena. Umegawa chini." Akacheka mpaka akakalia kitambaa, Mjomba akamfukuza.

"Wewe ulisema sawasawa," nikamwambia.

"Sawasawa juu, si chini."

"Hukusema juu."

"Kila mtu anajua ni juu."

"Mie si kila mtu. Na nimeshajua kabla hujatoka, hebu tazama ninachofanya."

"Umejua sasa hivi nilipocheka."

Na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, ukadumu mpaka jana alipozikwa. Lakini nitamtendea haki kwa jambo moja. Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa ncha ya pachedi yake, ule mtandio wa Kihindi, akawa makini ghafla. "Ukirudi kwa huyo Mzungu wako na kipimio kipya atasema umeazima kwa mtu. Usipime. Mweleze kwa nini inatimia. Sie mwalimu kasema tu, hatujaelezwa." Nikamwambia nitamweleza. Jumamosi na Jumapili nilichora kwa chaki kwenye sakafu ya chumba chetu pembetatu za kila namna, nyembamba, bapa, za kuegemea upande mmoja, na kila moja nikailazia majirani zake mzungu wa nne, mpaka Bi Mwajuma hakuwa na mahali pa kuweka jiko. Alikanyaga katikati ya mistari kwa uangalifu, sketi ameishika juu.

Jumatatu nilifika shuleni kabla ya kengele. Misi Mkubwa alikuwa anavua kofia.

"Majina nimekwisha kuyatia kwenye bahasha," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Bahasha inafunguka, Misi."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Alinitazama kama mtu anayefikiria adhabu gani inafaa. Nikachukua chaki kwenye kisanduku chake nikamnyooshea. "Nichoree pembetatu, Misi. Yoyote. Sitaipima."

Huenda ilikuwa udadisi, huenda alitaka kumaliza haraka. Alikwenda kwenye ubao mdogo uliokuwa ukutani akachora pembetatu mbaya makusudi, imepinda upande, hakuna ubavu unaolingana na mwingine. Nikachora mstari chini yake na mstari mwingine juu, unaogusa ncha. Nikamwambia huu wa juu ni mkanda wa sketi, huu wa chini ni upindo, na fundi akikata vizuri havikutani hata ukivirefusha mpaka Morogoro. Kisha nikamlazia jirani wa kushoto na jirani wa kulia, vichwa chini, nikamwonyesha kona tatu zilivyokutana kwenye ncha.

"Hii ni moja," alisema. "Utajuaje kwamba nyingine itakuwa vivyo hivyo?"

"Kwa sababu jirani si mwingine, Misi. Ni kipande chenyewe kimegeuzwa. Ukichora nyembamba, jirani naye ni mwembamba. Ukichora bapa, jirani ni bapa. Maadamu mkanda na upindo havikutani, lazima kona hizo tatu zijaze mstari."

"Na ile mia na thelathini na tano yako?"

"Kipimio kilikuwa na kosa. Niligawanya mstari badala ya tao." Nikaweka vyote viwili mezani, cha zamani na kipya. "Kosa ni hili hapa."

Safari hii alivitazama. Alikigeuza kile cha zamani, akapitisha kidole kwenye alama zilizobanana. Nje wasichana walikuwa wameanza kufagia uwanja, na nilisikia fagio zao na mmoja wao akiimba kwa sauti ya puani. Misi Mkubwa alifungua droo, akatoa kisu cha karatasi, akafungua bahasha. Akaandika jina langu chini ya majina mengine, kwa wino ule ule mwembamba. Hakuifunga tena mara moja.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Wenye mamlaka hawajawahi kupokea jina la msichana wa shule hii kwa karatasi hiyo. Ukianguka, wataniambia kwamba tumejaribu na tumeona. Sitaweza kuwapelekea mwingine. Si mwaka ujao, wala baada ya hapo. Unaelewa?"

Nilielewa. Mpaka dakika ile nilidhani jambo lile ni langu peke yangu. Fagio zikaendelea nje, na niliogopa, niliogopa kweli. Lakini hasira yangu ilikuwa imenisindikiza mpaka pale na haikuwa tayari kuniacha.

"Na nikifaulu, Misi?"

Alitazama ubao, pembetatu yake mbovu na majirani zake wawili.

"Ukifaulu," alisema polepole, "itanibidi nifundishe jometri hapa. Na sina mwalimu."

"Nisubiri," nikamwambia.

Alinisubiri mpaka niliporudi.